Reki ya stelingi ya mtumba: ipi itaingia kwenye gari lako na ipi utairudisha dukani

Juu ya turubai, mbele ya duka la spea mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, muuzaji alinilazia reki mbili. Reki ni kile chuma kirefu chini ya gari: usukani unazungusha pinyoni, gia ndogo, nayo inasukuma fimbo yenye meno inayogeuza matairi. Zote mbili zilikuwa zimeandikwa neno lilelile kwa kalamu ya rangi nyeupe: RAV4. Ya kushoto ilikuwa na vibomba viwili vyembamba vya chuma vilivyolala juu ya mwili wake, na matundu ya kufungia hozi yaliyozibwa kwa kitambaa chenye oili. Ya kulia ilikuwa kavu, nyepesi, haina bomba hata moja. Ilikuwa pia safi zaidi, na bei yake iko chini.

"Chukua hii, bosi," akasema, akiigonga ya kulia kwa spana. "Haijatembea hii."

"Ya RAV4 ipi, kaka?"

"Bosi, RAV4 si RAV4?"

Pesa za watu wengi zinapotelea kwenye jibu hilo. Gari niliyokuwa nimeiacha juu ya stendi gereji ni RAV4 ya kizazi cha pili, ACA21, ile ya milango mitano, injini ya 2000 cc na inayovuta matairi yote manne. Stelingi yake inasaidiwa na oili: pampu inazungushwa na mkanda wa injini, inasukuma oili kwenye reki. Kizazi cha tatu, ACA31, kilichoanza kuuzwa mwishoni mwa 2005, kimeachana na oili kabisa. Kina mota ya umeme chini ya dashibodi. Ile reki safi ya kulia ilikuwa ya kizazi cha tatu. Ningeibeba, ningefika gereji nikiwa na bomba la presha mkononi na pa kulifunga hakuna.

Kwa hiyo kabla ya kulinganisha bei, maduka au "hii imetoka Japani na hii imetoka hapahapa", kuna ulinganisho wa kwanza ambao ukiukosea hakuna wa pili utakaokuokoa.

Gari lako linasaidiwa na nini?

Fungua boneti, kisha inama uchungulie chini ya usukani. Utakuwa mmoja wa hawa watatu:

| | Ya oili | Ya umeme, mota chini ya dashibodi | Ya umeme, mota kwenye reki yenyewe |
|---|---|---|---|
| Utakachokiona | Kopo la oili ya stelingi, pampu, hozi | Hakuna kopo. Mota imebebwa na nguzo ya usukani | Hakuna kopo. Mota na soketi za waya chini kwenye reki |
| Mfano | RAV4 ACA21, X-Trail T30, Prado 120 | IST na Vitz za mwanzo, RAV4 ACA31 | Volkswagen Golf 5 |
| Lazima vilingane | Mashimo ya bolti, meno ya pinyoni, vichwa vya bomba, thredi za reki endi (viungo vya ncha za fimbo) | Mashimo, meno, thredi | Vyote hivyo, pamoja na soketi, sensa na programu ya kompyuta |
| Hatari ya kununua mtumba | Wastani, sili (mipira ya kuzuia oili) huwa zimechoka | Ndogo | Kubwa |

Safu ya katikati ndiyo yenye unafuu ambao wengi hawaujui. Kwenye IST, yaani NCP60 ya 1300 cc, NCP61 ya 1500 cc na NCP65 ya 1500 cc inayovuta matairi yote, reki ni chuma kitupu: mwili, fimbo yenye meno, pinyoni na bushi. Haina sili ya oili ya kuvuja wala kompyuta. Ukiikuta haina mchezo na fimbo haijapinda, imekwisha. Na taa ya P/S, ile ya msaada wa stelingi, ikiwaka kwenye dashibodi ya IST, usikimbilie kununua reki. Taa hiyo inazungumzia mota, sensa au kompyuta yake, na vyote vitatu havipo chini ya gari. Nimeshamwona dereva mmoja wa taksi ya mtandaoni amebadilishiwa reki mara mbili kwa ajili ya taa, na taa ikaendelea kumtazama.

Safu ya tatu nitaipitia haraka kwa sababu ushauri wangu ni mfupi. Kwenye Golf 5, mota, sensa na kompyuta vimeshikana na reki. Reki ya mtumba inaweza kuingia bolti kwa bolti, soketi zikakubali, na bado usukani ukawa mzito kwa sababu kompyuta ya gari haijaitambua. Kama huna fundi wa umeme mwenye mashine ya kuiandikisha, na aliyekwisha kuifanya kazi hiyo kabla, usinunue. Kama unaye, nunua yenye namba ya kipuri ileile herufi kwa herufi, na mpange siku ya kuandikisha kabla hujalipa.

Walio Kenya wanakutana na safu mbili za umeme zaidi kuliko sisi, kwa kuwa sheria yao hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Dar na mikoani bado tumejaa magari ya oili, na ya oili ndiyo yenye mambo. Nitakaa hapo.

Namba kabla ya jicho

Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayana ile namba ndefu ya tarakimu na herufi 17. Yana namba ya chasisi fupi: kodi ya modeli (alama yake ya herufi na tarakimu), kistari, halafu tarakimu za mfululizo, kwa mfano NCP61 na tarakimu saba mbele yake. Iko kwenye bamba ndani ya boneti na kwenye kadi ya gari. Namba hiyo ukiiingiza kwenye katalogi za spea zilizopo mtandaoni, nyingine za bure, utapata namba ya kipuri ya reki yako hasa.

Kwa Toyota, namba hiyo ya kipuri inasomeka. Tarakimu tano za mwanzo zinasema ni kitu gani. Reki ya oili inaanza na 44250. Reki kavu, ya kawaida au ya gari lenye mota kwenye nguzo, inaanza na 45510. Baada ya kistari, tarakimu mbili zinazofuata zinaelekeza familia ya gari: 42 ni RAV4, 52 ni ukoo wa Vitz, 12 ni Corolla, 33 ni Camry.

Sasa rudi kwenye turubai. Reki zote mbili, ya kushoto na ya kulia, zilikuwa na 42 ndani ya namba zake kwenye katalogi. Muuzaji hakunidanganya, zote ni RAV4. Ila moja ni 44250 na nyingine ni 45510. Watu husoma ile ya katikati, wakaruka ya mwanzo.

Tatizo ni kwamba namba hii mara nyingi haimo kwenye chuma. Kama ilikuwa stika, imeshaliwa na oili na maji. Unachokikuta kimegongwa kwenye mwili ni kodi ya kiwanda kilichoitengeneza. Usiifukuzie sana hiyo. Ikifanana kwenye reki zote mbili ni dalili njema, isipofanana si ushahidi wa kukataa. Na maandishi ya rangi nyeupe yasome kama unavyosoma kibao cha daladala, kinakuonyesha upande tu. Anayeyaandika ni kijana aliyeng'oa spea 40 siku hiyo.

Fungua kwanza, nunua baadaye

Wateja hawapendi kusikia hili, maana gari linalala gereji. Lakini kipimo bora cha reki utakayonunua ni ile iliyomo garini mwako. Ing'oe, ioshe kwa dizeli, ibebe. Mimi huipakia kwenye bodaboda, imefungwa gunia, na kwenye mfuko naweka krosi ya stelingi, ile kiungo kinachounganisha nguzo ya usukani na pinyoni. Ukiwa na krosi mkononi huhitaji kuhesabu meno ya pinyoni wala kubishana. Unaichomeka. Ikiingia mpaka mwisho na tundu la bolti likakaa juu ya mfereji wa pinyoni, meno yamekubali na urefu umekubali. Ikiingia nusu, au ikacheza, achana nayo. Hii si sehemu ya kulazimisha kwa nyundo. Bolti hiyo moja ndiyo inayoshika usukani wako na matairi.

Ukishazilaza reki mbili sambamba, yako na ya duka, linganisha kwa mpangilio huu. Mimi huanza na kinachokataza haraka.

Upande wa pinyoni. Lazima uwe uleule. Tanzania, Kenya na Uganda tunaendesha upande wa kushoto wa barabara na usukani uko kulia, kwa hiyo pinyoni iko kulia. Congo, Rwanda na Burundi wanaendesha upande wa kulia, lakini mtu wa Bukavu au Bujumbura anajua kwamba mitaani kwake kuna magari ya aina zote mbili, na maduka yake yana reki za aina zote mbili. Reki za Sharjah na Muscat nyingi ni za usukani wa kushoto. Kwa hiyo shemeji wa Muscat akijitolea kukutumia, mshukuru, halafu mwombe kitu kingine. Reki ya upande mwingine haigeuzwi juu chini ikafanya kazi. Ukiigeuza, unakata kona kulia na gari linakwenda kushoto.

Mashimo ya bolti. Pima kwa futi ya kamba kutoka katikati ya shimo hadi katikati ya shimo, na uangalie unene wa mipira ya bushi. Tofauti ya milimita tano inatosha kukwamisha kazi. Bushi zilizochoka si sababu ya kukataa reki, zinauzwa peke yake.

Vichwa vya bomba, kwa reki ya oili. Angalia mabomba mawili makubwa ya kuingia na kutoka: yanaelekea wapi, yana thredi ya saizi gani, na kichwa chake ni cha koni au cha pete yenye bolti katikati. Jaribu nati ya bomba lako kwa vidole, si kwa spana. Ikikubali mizunguko mitatu kwa vidole, iko sawa. Ukimsikia fundi anasema bomba "litapindwa kidogo", jua kuwa bomba la presha likipindwa karibu na egizosi, litapasuka siku moja kwenye foleni. Utakuta pia baadhi ya reki za oili, hasa za Crown na Mark II, zina kidude chenye soketi ya waya kwenye valvu. Hicho hubadilisha uzito wa usukani kulingana na mwendo. Kama gari lako halina waya wake, au lina waya na reki haina kidude, si mwenzake.

Idadi ya mizunguko. Hapa hata mafundi wazuri huteleza, kwa sababu reki mbili zinaweza kuchangia mashimo, meno na mabomba, zikatofautiana hapa tu. Zungusha pinyoni toka mwisho mmoja hadi mwingine ukihesabu. Kisha pima fimbo inatembea sentimita ngapi. Gari lenye ringi kubwa na matairi mapana mara nyingi hupewa reki ambayo fimbo yake inatembea kifupi, ili tairi lisikwaruze upinde au chesisi linapokunjwa. Ukifunga reki yenye mwendo mrefu kwenye gari hilo, utasikia tairi linasugua kila ukipaki. Ukifanya kinyume, gari lililokuwa linageuka mara moja kwenye kichochoro litataka mara tatu. Kwa dereva wa taksi Kariakoo hilo ni pigo la kila siku.

Thredi za reki endi. Kwenye magari madogo utakutana na za milimita 12 na za milimita 14. Zikitofautiana na zako si mwisho wa dunia kama unanunua na reki endi na tairodi (kiungo cha nje kinachofuata reki endi) zote pamoja, mradi koni ya tairodi iingie kwenye kikombe cha nakoli yako, kile chuma kinachobeba tairi. Kwa Toyota, reki endi inaanza na 45503 na tairodi ni 45046 ya kulia na 45047 ya kushoto. Mimi sinunui reki nikategemea reki endi za mtumba zilizoning'inia. Hizo mpya ni bei ndogo ukilinganisha na kazi ya kufungua tena.

Inalingana, lakini ni nzima?

Hayo yote yakikubali unabaki na swali jingine, na hapa ndipo tochi inapotakiwa.

Vua buti, ule mpira wa makunyanzi, upande mmoja mmoja. Kwa reki ya oili, ndani kuwe na grisi kidogo au kukavu. Ukikuta oili imejaa, sili imekufa. Kisha sukuma fimbo itoke yote na uipitishe ukucha. Fimbo inatakiwa ing'ae kama kioo. Vidoa vya kutu ambavyo ukucha unavihisi ndivyo vitakavyochana sili, hata ukiweka mpya leo. Kutu hiyo huanza pale buti lilipochanika na kuachwa. Reki iliyofutwa vizuri nje na buti jipya linalong'aa inanitia shaka zaidi kuliko yenye vumbi lake.

Halafu sikiliza katikati. Gari linatumia muda mwingi likienda moja kwa moja, kwa hiyo meno ya katikati ya fimbo ndiyo yanayolika kwanza. Weka reki katikati ya mwendo wake, shika fimbo, itikise. Rudia ikiwa imekwenda karibu na mwisho. Kama katikati inacheza na pembeni imebana, meno yamekwisha. Muuzaji atakuambia kuna nati ya kukaza nyuma, na ni kweli ipo. Lakini ukiikaza mpaka mchezo wa katikati uishe, pembeni itabana, na usukani hautarudi wenyewe baada ya kona. Gari lisilorudisha usukani kwenye mzunguko wa Kilwa Road ni gari la kupigana nalo.

Mwisho, izungushe polepole kwa mkono. Isiwe na sehemu inayokwama. Ikikwama sehemu moja kila mzunguko, fimbo imepinda au pinyoni imepigwa. Gari hilo lilipanda ukingo au liligonga.

Njia nne, na mimi ningechagua ipi

Sasa ulinganisho ambao watu huanza nao. Bei sitaziandika, maana zinapanda na dola na zinashuka na jinsi unavyojua kuongea.

Mtumba kutoka Japani. Hizi hutoka kwenye magari yaliyokatwa nusu au vifurushi vya makontena. Faida yake ni barabara: reki iliyotembea kwenye lami laini huwa na meno mazuri kuliko yenye kilometa zilezile za Mbagala. Hasara ni kwamba imekaa. Miezi baharini na ghalani, sili zimekauka upande mmoja, na wengine hawazibi matundu, kwa hiyo chumvi na mchanga vimeingia. Kwa gari la oili mimi huinunua nikijua huenda nitaweka seti ya sili. Kwa IST, ambayo haina sili ya kufikiria, ndiyo chaguo langu la kwanza bila kusita.

Iliyong'olewa kwenye gari la hapahapa. Uzuri wake ni kwamba pengine unaweza kuliona gari lenyewe, ukasoma bamba la chasisi badala ya rangi nyeupe. Hilo lina thamani kubwa. Ila jiulize gari hilo liliuawa na nini. Likiwa limegongwa mbele kwenye tairi, iache. Likiwa limegongwa nyuma au limekufa injini, isogelee. Kwa Golf 5 njia hii ndiyo pekee ninayoweza kuitetea, maana unapata namba kamili na unaweza kuiona ikifanya kazi kabla haijang'olewa.

Mpya ya kopi. Sizidharau zote. Zipo ambazo zimekaa miaka. Lakini kasoro yake kubwa kwenye swali hili la kulingana ni kwamba boksi linaandikwa magari mengi kwa pamoja, wakati ndani mna reki moja. Nimefungua boksi lililoandikwa modeli sita, nikakuta idadi ya mizunguko haikuwa ya gari langu. Ipime kama unavyopima mtumba. Upya wake hauondoi hatua hata moja.

Kufufua ile ile. Kwa reki ya oili yenye fimbo isiyo na kutu na meno mazuri, hii ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote. Swali zima la kulingana linafutika: mashimo ni yaleyale, mabomba yaleyale, mizunguko ileile. Unanunua seti ya sili, fundi mchongaji anakuchongea bushi ya nailoni upande wa mbali na pinyoni kama iliyopo imelika, na buti jipya. Kinachoiua njia hii ni fimbo yenye kutu. Fundi atakayekuambia ataipiga msasa laini kisha afunge sili, mwache aipige ya kwake.

Kwa hiyo ile RAV4? Niliikagua reki yake kwanza kabla ya kwenda Gerezani, na fimbo ilikuwa na vidoa vya kutu upande wa abiria, pale buti lilipochanika. Kuifufua kukaondoka mezani. Ile ya kushoto pale kwenye turubai niliichomeka krosi, ikaingia. Mashimo yakakubali, nati za bomba zikashika kwa vidole, mizunguko ikatoka sawa na ya zamani. Kodi ya modeli kwenye reki hiyo haikuwepo, na hilo nilitaka kulijua, kwa sababu kizazi hicho kina pia ZCA25 na ZCA26 za 1800 cc zinazovuta mbele tu, na ACA20 ya milango mitatu. Ndiyo maana nilipima kila kitu badala ya kuuliza. Fimbo iling'aa. Mchezo haukuwepo katikati.

"Kaka, tuandikiane," nikamwambia. "Ikivuja ndani ya siku saba inarudi, nami nisifute alama yako."

Akachora mistari miwili ya rangi nyekundu, mmoja juu ya nati ya marekebisho na mwingine kwenye mwili, ili nisije nikamrudishia nyingine. Na mimi nikapiga picha mistari hiyo ikiwa na risiti pembeni. Ni haki ya pande zote mbili.

Kabla ya kuilaumu reki uliyonunua

Reki nyingi za mtumba hurudishwa dukani zikiwa hazina kosa. Zimeuliwa na ufungaji.

Funga usukani kwa mkanda wa kiti kabla ya kuchomoa krosi. Usukani ukizunguka ukiwa huru, ule utepe wa waya nyuma yake unakatika, honi inanyamaza na taa ya airbagi inawaka. Weka reki mpya katikati ya mwendo wake, nusu ya mizunguko uliyohesabu, ndipo uiunganishe na usukani ulionyooka. Usukani ukikaa pinde kidogo baadaye, hurekebishwa kwenye tairodi wakati wa alaimenti, yaani kunyoosha matairi, si kwa kurusha jino moja kwenye krosi.

Kwa gari la oili, mwaga oili yote ya zamani, suuza kopo na pampu. Oili iliyokuwa nyeusi ina vumbi la sili na chuma, na itaanza kula sili za reki mpya siku hiyohiyo. Toyota nyingi za umri huu zinatumia ATF ya Dexron. Honda wana oili yao ya stelingi na hawataki mchanganyiko. Inua matairi ya mbele, injini ikiwa imezimwa, zungusha usukani polepole mwisho hadi mwisho huku mwenzako akiongeza oili. Injini iwashwe baadaye, na usikae umeubana usukani mwishoni zaidi ya sekunde chache. Oili ikitoka povu, zima, subiri itulie, anza tena.

RAV4 ilishuka kwenye stendi saa kumi na moja jioni. Niliweka kipande cha boksi chini yake kikalala hapo usiku kucha. Asubuhi kilikuwa na tone moja, na lilikuwa la maji ya AC.